Barua za Babu Kutoka Vitani: Mwongozo Kamili wa Kuziokoa, Kuzisoma na Kuzinakili

Masika yakishapita, makasha hufunguliwa nguo zianikwe, na hapo ndipo barua za zamani huonekana. Zinazoletwa kwangu kuulizwa "hizi tunazisomaje?" nyingi huwa zimeshaharibika, na mharibifu mara nyingi si mchwa. Ni mjukuu mwenye mapenzi na haraka. Moja kaipeleka kupigwa laminesheni, ya pili kaiunga kwa selotepu, zilizobaki kazianika juani. Kisha ananitumia kwa WhatsApp picha ya giza ambayo hata mwenyewe haisomi.

Mwongozo huu ni wa barua ambazo askari alimwandikia mkewe Unguja au Pemba kutoka vita vya Uganda, 1978 na 1979. Vilikuwa vita vya Tanzania na Idi Amin, lakini ndani yake Waganda nao walipigana wenyewe kwa wenyewe. Basi usishangae ukikuta mwandishi hana hakika kama aliokutana nao njiani ni adui au wenyeji wake. Ukiwa na barua za vita vingine, hatua ni hizi hizi ila ya saba.

Mpangilio ni huu: ruhusa, kukausha, kukunjua, picha, ndipo kusoma. Wanaoshindwa wengi huanza na kusoma.

## Vitu vya kutayarisha kwanza

- Shuka nyeupe ya pamba, safi na kavu, ya kutandika mezani.
- Brashi mpya yenye nywele laini, ya rangi au ya poda.
- Simu yenye kamera nzuri na nafasi ya kutosha.
- Penseli. Kalamu ya wino isikae meza moja na barua hizi.
- Karatasi nyeupe zisizo na maandishi, na moja nyeusi.
- Bahasha kubwa za karatasi na sanduku gumu lenye mfuniko.
- Daftari, rula, tochi ndogo na kisu chembamba kisichokata.
- Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Glavu hazihitajiki. Vidole vilivyooshwa kwa sabuni vikakauka vizuri vinahisi karatasi inapotaka kupasuka, glavu hazihisi. Usipake losheni wala mafuta kabla ya kazi, na kahawa ibaki barazani.

## Hatua ya 1: Omba ruhusa kwa mwenye barua

Kama bibi yu hai, barua ni zake. Si za ukoo, si za mtoto wa kwanza, na wala si zako uliyezikuta. Humo mna habari za chumbani, za madeni, za ugomvi na mawifi, pengine na za mke mwenza ambaye watoto wake ni majirani zenu leo.

Nenda peke yako, wakati ametulia, na usianze na neno "kusoma". Sema hivi: "Shikamoo bibi. Barua za babu zinaliwa na wadudu. Tukubalie tuzipige picha zisipotee. Za kusoma utatuchagulia mwenyewe." Ukimweleza hivyo, atajua heshima yake haiguswi. Akijibu, "Someni hizo za juu, hizo zilofungwa utepe niachieni," umepata ruhusa yenye mpaka. Mpaka huo uandike daftarini siku ile ile, maana wiki ijayo atatokea shangazi anayekumbuka vingine.

Kama bibi ameshafariki, kaa na watoto wake wote kwanza. Mmoja akikataa, simamisha kusoma. Kukausha na kuhifadhi kuendelee, kwani unyevu haungoji kikao.

Hatua hii imefaulu pale unapojua barua zipi zitasomwa, nani atazisoma, na zipi zitabaki zimefungwa.

## Hatua ya 2: Toa, tazama, usitengeneze kitu

Tandika shuka. Toa furushi zima bila kulifumua, ulipige picha lilivyo. Mpangilio wenyewe ni habari: huenda bibi alizipanga kwa tarehe, au aliiweka juu ile aliyokuwa akiirudia. Ukizichanganya, hutaweza kuurudisha.

Zipe barua namba kwa penseli, kwa maandishi madogo, kwenye kipande cha karatasi unachokiweka pamoja na kila moja. Usiandike juu ya barua. Bahasha ibaki na barua yake, na stempu isikatwe hata akitokea mnunuzi wa stempu Mji Mkongwe. Muhuri wa posta ulio juu ya stempu pengine ndio tarehe pekee utakayoipata.

Ukikuta ua la asumini lililokauka au kipande cha kanga ndani ya barua, nacho kipe namba ya barua hiyo hiyo na ukitie kwenye bahasha yake. Picha ya mnato nayo ipe namba hiyo hiyo, ila iweke kwenye bahasha ya peke yake, mbali na barua.

Makatazo ya hatua hii. Usiunge palipochanika. Gundi ya selotepu hugeuka manjano, huzama ndani ya karatasi, na baadaye haitoki bila kutoka na maandishi. Usipeleke laminesheni: moto wa mashine hubandika plastiki kwenye karatasi moja kwa moja, na kama karatasi ilikuwa na unyevu umeufungia humo humo. Usipige pasi.

## Hatua ya 3: Kausha, kisha ua wadudu

Barua zenye majimaji zitandaze kivulini, chumba chenye hewa, kila moja juu ya karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Gazeti halifai, wino wake huhamia. Feni iwepo chumbani lakini isielekezwe kwenye barua. Jua letu hukausha upesi, kweli, lakini pia hupausha wino na kukunjamanisha karatasi. Kwenye jua anika makuti.

Kama maandishi ni ya zambarau, jihadhari zaidi. Kulikuwa na penseli ambazo risasi yake ikipata maji hugeuka zambarau na kutapakaa. Wino wa kalamu ya kuchovya au kujaza nao hukimbia. Wino wa biro ni wa mafuta, huvumilia kidogo.

Ukungu usiufute ukiwa mbichi, utausugua ndani. Usubiri ukauke kabisa, jifunge barakoa, toka nje, uupanguse kwa brashi kutoka katikati ya karatasi kuelekea ukingoni.

Kwa wadudu walio hai, dawa bora ni friza. Tia barua ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, ufunge barabara, ugandishe kwa wiki mbili. Ukiutoa usiufungue siku hiyo. Uache hadi kesho yake urudi kwenye joto la chumba. Ukiufungua mapema, hewa yetu yenye unyevu itageuka maji juu ya karatasi baridi. Umeme ukikatika katikati, anza kuhesabu upya.

Na karafuu? Pemba utaambiwa tia konzi ya karafuu kwenye kasha na mdudu hatosogea. Kwa nguo sina ugomvi. Kwa karatasi, hapana: karafuu ina mafuta, na mafuta huacha doa. Udi na uturi vivyo hivyo. Vidonge vya nondo navyo viache, mvuke wake si mzuri kwa mapafu ya bibi anayelala chumba hicho.

## Hatua ya 4: Kunjua polepole

Toa pini na stepla kwanza, kwa sababu hewa ya bahari imeshazitia kutu na kutu inakula karatasi. Geuza barua, nyanyua miguu ya stepla kwa ncha ya kisu, kisha ivute kwa mbele. Usiivute kwa nguvu kutoka nyuma.

Karatasi iliyokunjwa zaidi ya miaka arubaini imevunjika kwenye mikunjo. Ikunjue mara moja tu, iwekee karatasi nyeupe juu na kitabu chepesi, uiache usiku kucha. Kama inalia "krr", acha. Ipige picha ilivyokunjwa, ukurasa kwa ukurasa, na hiyo inatosha.

Barua za ndege, zile za karatasi nyembamba ya buluu inayokunjwa ikawa bahasha yenyewe, zina maandishi hadi kwenye masikio ya kubandikia. Wengi huyakosa maneno ya mwisho kwa kusahau kutazama hapo.

Bahasha iliyobandika usiifungue kwa mvuke wa birika. Na kama haijafunguliwa tangu ilipofika, rudi Hatua ya 1.

## Hatua ya 5: Piga picha

Chagua saa tatu asubuhi, ukumbini au dirishani, penye mwanga mwingi lakini si jua la moja kwa moja. Zima taa ya kamera. Simu iwe sambamba na meza, la sivyo mistari ya juu itakuwa midogo kuliko ya chini. Weka rula na kile kipande chenye namba kando ya barua, vionekane pichani.

Piga mbele, nyuma, bahasha mbele, bahasha nyuma. Halafu vuta picha skrini ikuze maandishi: kama husomi herufi ndogo kabisa, rudia sasa hivi. Hapo ndipo utajua hatua imefaulu au la.

Karatasi nyembamba iliyoandikwa pande zote mbili, tia karatasi nyeusi chini yake. Maandishi ya nyuma yatafifia na ya mbele yatakaa. Penseli iliyofifia, funga dirisha, umulike tochi kutoka ubavuni, karibu na usawa wa meza. Kivuli kitaingia kwenye mikwaruzo ya penseli na maneno yatajitokeza.

Unapotuma picha kwa WhatsApp, zitume kama faili, si kama picha za kawaida. Ukizituma kwa kawaida programu huzibana, na herufi huwa ukungu. Nusu ya "barua zisizosomeka" ninazopelekewa zinasomeka vizuri, zimebanwa tu.

## Hatua ya 6: Nakili kila kitu, salamu zikiwa za kwanza

Soma kwenye picha, si kwenye barua. Andika mstari kwa mstari kama alivyoandika. Neno lisilosomeka andika [halisomeki]. Ulilokisia litie kwenye mabano ya mraba na alama ya kuuliza. Usisahihishe. Akiandika "n'nakuja" usiandike "ninakuja". Akiandika kwa lafudhi ya Konde, Pemba, au ya Makunduchi, Unguja, hiyo ndiyo sauti yake, na mwalimu wa insha hana kazi hapa.

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni kuruka salamu. Mtu ananiletea nakala imeandikwa "salamu nyingi, kisha anasema…" Hizo "salamu nyingi" ndizo mali. Ndiyo, nusu ya ukurasa ni "mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu", na "ama baada ya salamu" inachelewa kufika. Lakini tazama anamsalimu nani, kwa mpangilio gani. Aliyetajwa wa kwanza ndiye mkubwa wa nyumba wakati ule. Mtoto anayeibuka kwenye salamu za barua ya nne amezaliwa baba yake akiwa vitani. Na mama aliyesalimiwa barua tatu mfululizo kisha akatoweka kwenye ya nne, tafuta: ama amefariki, ama amehama, ama kuna maneno yamepita kati yake na mkwewe. Tengeneza jedwali la majina, barua kwa barua. Litakupa habari ambazo mwandishi hakukusudia kuziandika.

Jina la mke huenda usilikute kabisa. Atamwita "Mama Fulani" kwa jina la mtoto wa kwanza, au ataelekeza barua kwa baba yake au kwa kaka, na ya mke iwe ndani. Sababu moja ni adabu. Nyingine ni kwamba si kila mke alijua kusoma, na mume alijua kuwa barua itasomwa kwa sauti na kijana wa skuli, ukweni, watu wamekaa. Kwa hiyo mapenzi huja kwa mafumbo. Akiuliza "ule mlango wa uani bado unalia?" usikimbilie kuandika pembeni kwamba anauliza habari za bawaba. Acha kama ilivyo, umuulize bibi. Akicheka, au akikwambia kalete maji, umeshajibiwa.

Tazama pia mwandiko. Barua tatu za mtu mmoja kwa miandiko mitatu maana yake ni kwamba naye alikuwa akiandikiwa na wenzake, na aibu ilikuwa pande zote mbili za barua.

Kama ni kwa herufi za Kiarabu. Wengi waliopita chuo cha Qurani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na vijana wanaosoma Qurani vizuri hushangaa kwa nini barua hawaiwezi. Kiarabu hakina baadhi ya sauti zetu. Kwa mkono wa zamani, herufi ba hutumika kwa "b" na "p", fa kwa "f" na "v", ghaini kwa "g" na "gh" na pengine "ng'". Kasra, alama ya chini ya herufi, ni "i" au "e". Dhuma, alama ya juu, ni "u" au "o". Na "m" au "n" ya mbele ya konsonanti mara nyingi haiandikwi: neno lenye kaf ("k") na ba bila alama za irabu laweza kuwa "kopa", "kamba" au "kumbe".

Dawa ni kusoma kwa sauti, sentensi nzima, mbele ya mtu mzima anayeijua lugha ya mahali hapo. Sikio litachagua neno kabla ya jicho. Wasomaji wawili wanakili kila mtu peke yake, ndipo mlinganishe.

Jihadhari na tarakimu: ٥ ni tano, si sifuri, ٦ ni sita, ingawa inafanana na saba yetu. Na ukiona 786 juu ya ukurasa, si namba ya askari wala ya nyumba. Ni jumla ya herufi za Bismillahi Rahmani Rahimi, kila herufi ikipewa thamani ya namba.

## Hatua ya 7: Tafuta tarehe

Askari hakutakiwa kusema yuko wapi. "Huku tuliko" ndiyo anwani utakayoiona mara nyingi. Tarehe nazo zinakosekana au zimeandikwa kwa miezi yetu ya Kiislamu, na hapa wengi hukwama.

Kumbuka kuwa Mfunguo Mosi unaanza siku ya Idi ndogo. Kwa hiyo Mfunguo Tatu ndio wa Idi kubwa, Nne ni Muharram, Sita ni wa Maulidi, na baada ya Mfunguo Kenda huja Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Kwa vita hivi, shika alama hizi, ukijua mwandamo unaweza kusogeza siku moja:

- Idi kubwa ilikuwa karibu na tarehe 10 Novemba 1978. Jeshi la Amin lilikuwa limeingia Kagera mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo anayelalamika kuwa hakuchinja anaandika vita vikiwa vichanga.
- Mwaka 1399 wa Hijria uliandama mwanzoni mwa Desemba 1978.
- Maulidi yaliangukia karibu na tarehe 10 Februari 1979, wiki mbili kabla mji wa Masaka, Uganda, haujatekwa.
- Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, katikati ya Mfunguo Nane.
- Ramadhani ilianza mwishoni mwa Julai 1979. Vita vilikuwa vimekwisha tangu mwanzoni mwa Juni, lakini si wote waliorudi mara moja. Barua ya futari ya ugenini si lazima iwe ya vitani.

Kisha tafuta mahali. Kuvuka mpaka na kuiteka Mutukula ni Januari 1979. Kinamasi na barabara iliyozungukwa na maji, huenda ni Lukaya, tarehe 10 na 11 Machi. Uwanja wa ndege kando ya ziwa ni Entebbe, tarehe 7 Aprili. Majina yataandikwa kwa sikio: Mtukula, Rukaya. Hilo la pili liangalie sana. Familia inayosoma "tulilala Rukaya siku mbili" yaweza kuanzisha kesi ya mke wa siri, kumbe ni mji.

"Usiku wa Ijumaa" kwa watu wa kwetu ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Ukiuhesabu vingine utapotea siku nzima. Muhuri wa posta nao unakuambia barua ilipita lini posta, si iliandikwa lini. Ikiwa tarehe mbili hazipatani, andika zote.

Umefaulu kama kila barua ina tarehe au kipindi, na pembeni sababu ya kukisia hivyo. Tarehe isiyo na sababu ifute.

## Hatua ya 8: Hifadhi

Kila barua ikae imenyooka kwenye bahasha yake ya karatasi, bahasha zote ndani ya sanduku, na vipakiti vya kunyonya unyevu pembeni. Sanduku lisiegemee ukuta wa nje. Nyumba za mawe na chokaa hunyonya maji kutoka chini na kuyapeleka juu. Lisikae sakafuni, lisikae darini chini ya bati, lisikae karibu na jiko. Lifungue baada ya masika na baada ya vuli ulitazame.

Picha na nakala zikae mahali patatu: kwenye simu, kwenye flashi iliyo nyumba nyingine, na kwa ndugu aliye kisiwa kingine. Chapisha pia nakala moja kwa herufi kubwa, umpe bibi.

Mkitaka barua zikae nje ya familia, ofisi ya Nyaraka iko Kilimani, Unguja. Andikeni mapatano kabla ya kukabidhi: nani aruhusiwe kusoma, na lini.

## Na zilizo kwenye simu

Askari wetu waliokwenda Darfur, Sudan, na wale wa kikosi kilichopelekwa Kongo mwaka 2013 kwenye vita vya huko, waliwaandikia wake zao kwa simu. Barua hizo hufa upesi kuliko za karatasi. Simu huanguka majini, na laini isiyotumika hupewa mtu mwingine.

Ruhusa ya mke ni ile ile. Ndani ya mazungumzo ya WhatsApp kuna sehemu ya kuyatoa nje ya simu pamoja na picha na sauti. Itumie, uhifadhi faili mahali patatu. Ujumbe mfupi wa kawaida upige picha ya skrini, tarehe na saa zionekane. Sauti zisikilizwe na mke mwenyewe kwanza, halafu aandike kwa kila moja ilitumwa lini, walikuwa wakizungumzia nini, na zile kelele za nyuma ni za nini. Fanyeni hayo kabla hajabadilisha simu.